Kondo la Nyuma ni la Nani? Maswali na majibu kuhusu jeni za mtoto na mwili wa mama mjamzito

Siku za kliniki benchi letu la wajawazito hujaa mapema. Wiki chache zilizopita binti mmoja mwenye mimba ya wiki 9 alikaa mwisho kabisa wa benchi, kopo la plastiki mapajani, kipande cha limau puani. Kando yake alikuwa mama mkwe wake, akiwaambia waliokaa karibu: "Mimi nimezaa saba, hakuna hata mmoja aliyenitapisha hivi. Wasichana wa siku hizi wanadeka." Yule binti hakujibu. Alikuwa anatema mate kwenye kopo.

Kauli hiyo nimeisikia tangu nianze ukunga, na kwa miaka mingi sikuwa na jibu zuri zaidi ya "kila mimba na yake". Sasa jibu lipo, na sehemu kubwa imepatikana ndani ya miaka kumi iliyopita. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa na akina mama, na mengine ya waume zao ambao huuliza wakiwa wamesimama mlangoni.

Mwili ni wangu. Kiumbe mdogo kama punje ya harage anawezaje kuniamrisha?

Kupitia kondo la nyuma. Wengi tunalihesabu kondo kuwa kiungo cha mama kwa sababu liko tumboni mwake, lakini karibu lote ni la mtoto. Yai likisharutubishwa hugawanyika, na siku chache baadaye seli zake hugawana kazi: kundi la ndani litakuwa mtoto, kundi la nje litakuwa kondo. Wote wawili wametoka yai moja, kwa hiyo wana jeni zilezile, nusu za mama na nusu za baba. Waganda wa zamani walilihesabu kondo kuwa pacha wa mtoto, na ukiangalia jeni hawakuwa mbali na ukweli.

Seli hizo za nje hazina aibu. Zinachimba ukuta wa mji wa mimba, zinaifikia mishipa midogo ya damu ya mama iliyojisokota kama skrubu, na kuilegeza mpaka inapanuka. Mimba ikikomaa, zaidi ya nusu lita ya damu ya mama hufika kwenye mji wa mimba kila dakika. Wakati huohuo kondo linamwaga homoni kwenye damu hiyo. Mojawapo ya zile za mwanzo kabisa ni hCG, ndiyo inayochora mstari wa pili kwenye kipimo cha mkojo. Kazi yake ni kuiambia ovari iendelee kutoa projesteroni ili hedhi isije. Kwa hiyo hata kabla hujajua una mimba, jeni za mtoto zimeshaanza kuendesha ovari yako.

Kwa nini mimi natapika mpaka nawekewa dripu, na dada yangu alikuwa anakula pilau?

Hili ndilo swali la yule binti wa benchi, na ndilo lenye jibu linalonifurahisha kuliko yote.

Kuna homoni inaitwa GDF15. Kila mtu anayo kidogo kwenye damu, na mwili ukipata msukosuko huongezeka. Inafanya kazi sehemu ya nyuma ya ubongo, pale panapoamua kama utapike au usitapike. Mimba ikiingia, kiwango chake hupanda sana. Mwishoni mwa mwaka 2023 kundi la watafiti, wakiwemo Stephen O'Rahilly wa Cambridge na Marlena Fejzo wa Los Angeles, walichapisha jibu la swali ambalo lilikuwa halijaisha: homoni hiyo inatoka kwa mama au kwa mtoto?

Walivyoligundua ni kwa ujanja mzuri. Watu wengine wana GDF15 yenye tofauti ndogo sana, kama kanga mbili za rangi moja zenye jina tofauti. Wakachukua damu ya akina mama ambao homoni yao ni ya aina moja, wamebeba watoto waliorithi aina nyingine kwa baba. Kwenye damu ya mama wakaikuta kwa wingi ile aina ya baba, ambayo mwili wa mama peke yake usingeweza kuitengeneza. Karibu yote ilikuwa inatoka upande wa mtoto na kondo.

Sasa, kwa nini wengine waumwe na wengine wasiumwe? Mtu aliyekula pilipili tangu utotoni hatokwi machozi kwa kachumbari. Ndivyo ilivyo hapa. Mwanamke ambaye kabla ya mimba damu yake ilikuwa na GDF15 kidogo sana, kwa sababu ya jeni alizorithi, hupigwa vibaya mtoto anapoanza kuimwaga. Aliyekuwa nayo nyingi tangu zamani hasikii sana. Wanawake wenye thalasemia ya beta, ugonjwa wa damu unaopandisha homoni hii miaka yote, huwa hawasumbuliwi sana na kichefuchefu cha mimba. Na ikiwa mama ana jeni inayopunguza homoni hii, na mtoto naye amerithi jeni hiyohiyo, mama hupata nafuu, kwani mtoto anamwaga kidogo. Ndiyo maana mwanamke mmoja anaweza kulazwa kwa mimba ya kwanza na kupita ya pili bila shida kubwa. Mama ni yuleyule, mtoto ndiye tofauti.

Fejzo mwenyewe alipoteza ujauzito mwaka 1999 baada ya kutapika kupita kiasi, akatumia zaidi ya miaka ishirini kuitafuta sababu. Hakudeka.

Kinachotuhusu sisi kliniki ni hiki: ukishindwa kubakiza hata maji tumboni siku nzima, mkojo ukiwa kidogo na wa rangi ya chai, ukisimama unaona giza, au nguo zinaanza kukupwaya, usisubiri tarehe ya kwenye kadi. Njoo. Dawa salama za kuzuia kutapika zipo, na mwili uliokauka huharibika haraka. Ukifika na umetapika kwa wiki kadhaa, sema hivyo waziwazi, kwa sababu tunatakiwa kukupa vitamini B1 kabla ya dripu yenye sukari.

Mimba imenikataa mimi baba mtu. Nikiingia ndani anatoka. Na hilo ni jeni?

Kaka yangu, pole. Kichefuchefu huenda pamoja na kuchukia harufu, na harufu yako iko karibu kuliko zote. Badili sabuni, acha marashi, na sigara ivutwe mbali kabisa na nyumba. Ila ukianza kununa, kumbuka kwamba nusu ya jeni za lile kondo linalomtapisha ni zako.

Bibi anasema nikitapika sana ni mtoto wa kike. Kweli?

Bibi ameona kitu, ila amekikuza. Uchunguzi wa Sweden uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta kwamba kati ya wanawake waliolazwa kwa kutapika miezi mitatu ya mwanzo, takribani 56 kati ya 100 walizaa wasichana, wakati kwa wengine wote wasichana ni kama 49 kati ya 100. Mimba za watoto wa kike huwa na hCG juu kidogo, na huenda sababu ni hiyo. Lakini ukinunua nguo za pinki kwa sababu ya kutapika, utakosea mara 44 kati ya 100. Hiyo ni karibu na kurusha shilingi. Tumbo kuchongoka au kutandaa hakusemi lolote. Hilo ni suala la misuli ya tumbo lako na mtoto alivyolala.

Shangazi yangu aliambiwa ana "mimba zabibu". Kulikuwa na mtoto au hakukuwa?

Katika ile iliyo kamili, hakukuwa. Na mimba hii inafundisha jambo ambalo mimba ya kawaida hulificha.

Mwaka 1984 mtafiti Azim Surani, mzaliwa wa Kisumu aliyekuwa akifanya kazi Cambridge, alifanya jaribio kwenye mayai ya panya. Mayai mengine aliyapa jeni za upande wa mama mara mbili bila za baba, mengine za baba mara mbili bila za mama. Maabara moja ya Philadelphia ilifanya jaribio kama hilo mwaka uleule. Hakuna hata kiumbe mmoja aliyezaliwa. Wale wa jeni za mama tupu walianza kuumbika vizuri kiasi, lakini kondo lao lilikuwa dhaifu. Wale wa jeni za baba tupu walikuwa kinyume: kondo lilinawiri, kiumbe akadumaa. Tangu hapo tukajua kwamba jeni kadhaa huja na chapa ya mzazi. Nyingine husikika zikitoka kwa baba tu, za mama zikanyamaza, na nyingine kinyume chake.

Mimba zabibu kamili ni jaribio hilohilo limetokea lenyewe kwa binadamu. Yai lisilo na jeni za mama linaingiwa na mbegu ya baba, mara nyingi moja inayojirudufu, na kinachoota ni kondo bila mtoto: vifuko vya maji vimejazana kama shada la zabibu. Na angalia linavyomfanya mama. hCG hupanda mno, kutapika kunakuwa kukali, tumbo linakuwa kubwa kuliko umri wa mimba, tezi ya shingo huchochewa mpaka moyo unaenda mbio, na presha inaweza kupanda hata kabla ya wiki 20. Yote hayo bila mtoto. Nikitaka kumwonyesha mwanafunzi wa ukunga kwamba kondo ndilo linalomuumiza mama, mfano wangu ni huu.

Shangazi alipaswa kusafishwa hospitalini, kisha kupimwa hCG mara kwa mara mpaka iishe, na kutumia uzazi wa mpango katika kipindi hicho, kwa sababu mabaki yanaweza kugeuka saratani. Kwa bahati nzuri saratani hiyo inatibika vizuri ikiwahiwa. Kama aliacha kwenda kupima, mrudishe.

Mke wangu alipata kifafa cha mimba. Ndugu wakasema amepandwa na mashetani. Nyie mnasemaje?

Tunasema ni ugonjwa wa kondo. Dalili ya mwanzo ni presha kufika 140/90 au zaidi baada ya wiki 20, mara nyingi na protini kwenye mkojo. Ikiachwa, unakuja degedege wenyewe. Sababu hazijakamilika mkononi, lakini picha kubwa ni hii: zile seli za mtoto zinazopaswa kulegeza mishipa ya mama, wakati mwingine hazifiki mbali vya kutosha. Mishipa inabaki myembamba, kondo linakosa damu, na katika kuhangaika linamwaga kwenye damu ya mama protini inayotokana na jeni iitwayo FLT1. Protini hiyo ikizidi hukamata vichocheo vinavyotunza kuta za mishipa ya damu. Mishipa inabana, figo zinavuja, macho yanaona nyota.

Mwaka 2017 uchunguzi mkubwa ulilinganisha jeni za watoto waliozaliwa kwenye mimba za namna hii na za watoto wengine. Tofauti ilionekana karibu na FLT1, kwenye jeni za mtoto. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu (kifurushi cha jeni) ya 13, na mimba za watoto wenye kromosomu ya 13 tatu badala ya mbili hupata tatizo hili zaidi ya kawaida. Vyote vinaelekeza mahali pamoja.

Baba naye yumo. Takwimu za Norway zilizochapishwa mwaka 1998 zilionyesha kwamba mwanaume ambaye mke wake alipata tatizo hili, akizaa na mwanamke mwingine, uwezekano wa huyo wa pili kulipata ulikuwa karibu mara mbili ya kawaida. Na uchunguzi wa Utah, Marekani, wa mwaka 2001 ulikuta kwamba wanaume waliozaliwa kwenye mimba ya namna hiyo wana uwezekano zaidi wa kumpa mke wao mimba kama hiyo.

Jirani zetu wa Uganda wameongeza kipande kinachotuhusu moja kwa moja. Kwenye ukuta wa mji wa mimba kuna seli za kinga za mama ambazo zinapima, kwa namna ya kusema, seli za mtoto ziruhusiwe kuingia kiasi gani. Seli hizo zina vipokezi vinavyoitwa KIR. Mtoto naye ana alama zake, nusu kutoka kwa baba. Michanganyiko mingine inapatana, mingine haipatani. Daktari Annettee Nakimuli wa Makerere na wenzake wa Cambridge walichunguza wanawake wa hospitali ya Mulago, Kampala, na mwaka 2015 wakaripoti kwamba Waafrika wana jeni za KIR zinazomkinga mama ambazo Wazungu hawana. Kwa hiyo mama na baba wote wawili wanaweza kuwa wazima kabisa, na tatizo likatokana na jinsi walivyokutana kwa mtoto huyu.

Jeni si peke yake. Mimba ya kwanza, mapacha, unene, kisukari na presha ya zamani vina uzito wake. Lakini kwenye kadi ya kliniki tunaandika historia ya mama tu, na hili linanikera. Ndiyo maana siku ile ya limau nilimgeukia mama mkwe, nikamwuliza kwa upole kama kuna mimba yake hata moja aliyopata presha. Akafikiri. Akasema, "Ya huyu mume wake. Nilianguka, nikaamka hospitali, nikaambiwa nimezaa." Nikaliandika pembeni mwa kadi ya mkwewe kwa wino mwekundu. Daktari alimwanzishia aspirini ya dozi ndogo, ambayo hufaa zaidi ikianza kabla ya wiki 16. Usijinunulie mwenyewe dukani; iamuliwe na daktari.

Kichwa kuuma sana bila kuacha, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla: hayo hayasubiri asubuhi. Sindano ya magnesiamu hutuliza na kuzuia degedege, dawa za presha hushusha presha, lakini ugonjwa wenyewe huanza kuondoka pale kondo linapotoka. Na hata hapo hatari haijaisha siku hiyohiyo, kwa hiyo usiikimbie wodi.

Na kisukari cha mimba, ni soda nilizokunywa?

Soda hazisaidii, lakini mzizi uko kwingine. Kondo hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini yako ili sukari ikae kwenye damu muda mrefu zaidi na mtoto aichote. Kongosho lako likiweza kuongeza insulini, hutajua kitu. Likishindwa, sukari inapanda. Mwaka 2023 watafiti wa Cambridge walizima jeni moja, Igf2, kwenye seli za kondo la panya zinazotoa homoni. Panya mama wakashindwa kutengeneza sukari ya kutosha wakati wa mimba, na watoto wakadumaa. Jeni hiyo ni ya zile zenye chapa: husikika ikitoka kwa baba. Unene na kisukari kwenye ukoo wako vinabaki kuwa na uzito, na kupima wiki ya 24 hadi 28 ndiyo njia ya kujua.

Nimeambiwa grupu langu la damu ni hasi. Kuna shida?

Ikiwa mtoto amerithi damu chanya kwa baba na kidogo ikaingia kwako, kinga yako inaweza kuzoea kuishambulia. Mtoto wa kwanza kwa kawaida hupona. Anayefuata ndiye anayeumia. Sindano ya Anti-D ndani ya saa 72 baada ya kujifungua huzuia hilo, na inahitajika pia mimba ikiharibika au ukitoka damu. Kwetu wenye damu hasi ni wachache na sindano si rahisi kupatikana kila mahali, kwa hiyo anzeni kuitafuta mapema.

Kweli kuna mwanamke aliyeota ndevu kwa sababu ya mimba?

Kweli, ingawa ni nadra sana. Kondo lina kimeng'enya kinachogeuza homoni za kiume za mtoto kuwa estrojeni, homoni ya kike. Mtoto akirithi hitilafu ya jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili, homoni za kiume zinamrudia mama: chunusi, nywele kidevuni, sauti kuwa nzito. Akijifungua, dalili huanza kupungua. Iko nyingine ya ini, inayoonekana zaidi Ulaya: mtoto asiyeweza kuvunja mafuta ya aina fulani humwachia mama mzigo, na ini la mama hujaa mafuta ghafla mwishoni mwa mimba. Wakati mwingine ugonjwa wa mtoto hugunduliwa kwa kuuguza ini la mama.

Nikijifungua, haya yote yanaisha?

Mengi, ndiyo. Homoni za kondo hushuka ndani ya siku na wiki. Vipande vya vinasaba vya mtoto vilivyokuwa vinaelea kwenye damu yako, ambavyo Dennis Lo na wenzake walivionyesha mwaka 1997 na ambavyo leo vinatumika kupima mtoto kwa damu ya mama bila kumgusa tumboni, husafishwa haraka sana.

Seli nzima ni habari nyingine. Mwaka 1996 Diana Bianchi na wenzake walikuta seli zenye kromosomu ya kiume kwenye damu ya mwanamke aliyekuwa amemzaa mwanawe wa mwisho wa kiume miaka 27 nyuma. Wanasayansi bado wanabishana kama seli hizo zinasaidia mwili au zinauchokoza.

Kama mimba yako ilikuwa ya presha, mishipa yako ya damu haisahau haraka. Wanawake hao hupata presha na magonjwa ya moyo zaidi baadaye maishani. Kipimo cha wiki ya sita usikiruke, kisha pima angalau mara moja kila mwaka, hata zahanati ya jirani inatosha, na ukifika sema kwamba ulipata kifafa au presha ya mimba, maana hakuna atakayekuuliza.